Kushuka Kamiyo si Kuacha Safari

Ndugu msomaji, wewe uliye Kamituga, Rubaya, Walikale, ao mbali zaidi kule Kolwezi na Likasi, je, ulikwisha kupata habari hii kutoka nyumbani: "Baba amekataa kuja"? Ulimwalika kwa ubatizo wa mtoto wako, ukatuma pesa ya njia, ukatengeneza kitanda. Kiisha muzee akajibu kwa simu: "Mwanangu, safari hii hapana." Wengine wanakasirika. Wengine wanasema kwamba wandugu wabaya wamemjaza maneno. Nakuomba ufanye kitu kimoja kwanza. Usimuulize kama anakuchukia. Jiulize ni njia gani ulimwandalia.

Mimi ninaishi Kanyaruchinya, kaskazini ya mji wa Goma, kando ya barabara kubwa inayoenda Rutshuru. Mawe meusi ya Nyiragongo ndiyo udongo wetu. Kwa miaka zaidi ya 20 nilifanya biashara ya maharagi na viazi, nikisafiri juu ya kamiyo mpaka Kiwanja, na mara zingine mpaka Butembo. Leo nina miaka 71. Juu ya kamiyo sipandi tena. Lakini kutembelea watu sijaacha, na ndiyo sababu ninawaandikia.

Sisi ni watu wa msafara

Vijana wanafikiri wazee tulizaliwa tumekaa kwenye kiti. Hapana! Huku kwetu msafara ni jambo la zamani. Mwaka 1878 wamisionari wa kwanza wa Mapadri Weupe walitoka Bagamoyo, kwenye pwani, pamoja na wapagazi wengi, wakielekea maziwa makubwa kwa miguu. Mmoja wao, Padri Pascal, alikufa njiani hata kabla ya kufika Tabora. Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen, aliyeanza safari kule Pangani, alipita na msafara wake katika nchi hii yetu. Alipanda Nyiragongo, akaliona ziwa Kivu, kiisha akaendelea mpaka bahari ya Atlantiki. Katika misafara ya namna ile, mara nyingi aliyeshindwa na mwendo aliachwa. Mzigo haukungojea mgonjwa.

Misafara ya miguu ikapita, kamiyo zikaja, lakini tabia ya msafara ikabaki. Ukitoka hapa kwenda Butembo, barabara inakatiza Hifadhi ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925. Katika miaka ya hatari magari yalikuwa yanangojeana, kiisha yanaandamana pamoja na askari. Juu ya magunia kulikuwa kijiji kizima: mama na mtoto mgongoni, mwanafunzi na sanduku lake, muzee na kuku wawili. Mwenye ndizi aligawa. Mwenye kanga aliwafunika wengine wakati wa mvua. Tuliimba, tulisali rozari, tulipigana vichekesho. Kamiyo ikilala njiani kwa sababu ya chuma kilichovunjika, tuliwasha moto tukangoja pamoja. Sitaki kusema uongo: nilipenda maisha yale.

Mwili una hesabu yake

Lakini msafara una sheria moja ngumu. Unatembea kwa nguvu ya kamiyo na ya shofere, si kwa nguvu ya abiria aliye dhaifu. Kijana anaruka chini, anajinyoosha, anakula muhogo wa kuchoma, anapanda tena. Muzee anashushwa kama gunia. Baridi ya Kibumba inamwingia kifuani. Mawe ya barabara yanampiga kiunoni saa nzima, na kiisha saa ingine. Tena kuna jambo ambalo wazee wanaona haya kulisema mbele ya watoto wao: anakataa kunywa maji toka asubuhi, sababu anaogopa kuomba shofere asimame ili akojoe. Mtu mwenye dawa za damu ya kupanda anakaa siku nzima bila maji. Magoti yamekunjwa, miguu inavimba. Waganga wanatufundisha kwamba kukaa muda mrefu sana bila kutembeza miguu kunaweza kugandisha damu katika mishipa, na kipande kile cha damu kikipanda mpaka kwenye mapafu, mtu anaweza kufa.

Mama mmoja wa shirika letu, muuza makala wa zamani, aliniambia hivi: "Mi siogope kufa, baba. Naogopa kufia juu ya magunia ya watu."

Barabara yenyewe pia imeona mateso. Tarehe 22 Februari 2021, karibu na Kibumba, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa pamoja na mlinzi wake na shofere wao Mkongomani, wakiwa katika msafara wa magari mawili. Miezi mitatu nyuma ya hapo, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ikatapika moto, na mto wa mawe ukaikata barabara yetu ya Rutshuru. Vita ilileta wakimbizi hapa Kanyaruchinya mwaka 2012, na tena mwaka 2022 kwa maelfu mengi, mpaka makambi yalipoondolewa mwanzo wa mwaka 2025. Tuliona wazee waliofika kwa miguu kutoka Rutshuru, wengine wakisukumwa juu ya chukudu kama mzigo wa kuni. Mtu aliyepita katika safari ya namna hii, ukimwambia "panda tu kamiyo, utafika", usishangae akinyamaza.

Hatari mbili nyumbani

Basi muzee ameshuka kamiyo. Hapo jamaa nyingi zinaanguka katika moja ya hatari mbili.

Ya kwanza ni kumlazimisha. "Baba, wengine wa miaka yako wanakuja, wewe je?" Anakuja kwa haya, anafika mgonjwa, na sikukuu inageuka kuwa matanga.

Ya pili ni kumfunga nyumbani. "Muzee, safari zako zimekwisha. Kaa hapo, tutakutumia picha kwa simu." Hii inaonekana kama mapendo, lakini angalia matunda yake. Muzee asiyetembelea tena, pole pole hatembelewi tena. Wajukuu wanajua sauti yake tu, hawajui harufu ya koti lake. Hajui kaburi la dada yake liko wapi. Hakuna anayemuuliza habari ya ukoo, sababu hakuna anayekaa naye usiku mzima. Nimeona watu wenye nguvu waliozeeka kwa mwaka mmoja tu, si kwa ugonjwa, bali kwa kuangalia mlango.

Kati ya hatari hizi mbili kuna njia ya tatu.

Njia ya polepole

Mimi, watoto wangu wawili wako Kamituga, mji wa dhahabu, kilometa karibu 180 kutoka Bukavu. Zamani ningetoka Goma na kamiyo, nipite Sake, Minova na Kalehe, nilale mahali popote usiku unaponikuta, kiisha niendelee na milima ya Mwenga. Leo safari yangu ina mpango mwingine kabisa.

Siku ya kwanza nashuka Goma na kulala kwa jamaa ya mukristu mwenzangu karibu na bandari. Motari wa kijijini ananifikisha kwa mwendo wa pole, mzigo wangu ni mfuko mmoja tu. Siku ya pili napanda boti ya mchana kwenda Bukavu. Kwa ziwa ni kilometa karibu 100. Boti ya mbio inaenda kwa saa karibu tatu. Boti kubwa inachukua muda zaidi, lakini ndani yake mtu anasimama, anatembeza miguu, anaenda choo bila kuomba ruhusa ya mtu. Tunapita kando ya kisiwa cha Idjwi. Ninakunywa maji yangu bila hesabu. Nikifika Bukavu, napumzika siku mbili nzima.

Na sasa sikiliza jambo lenyewe: siendi mbele tena. Watoto wangu ndio wanashuka kutoka Kamituga na wajukuu, tunakutana Bukavu. Wao wana magoti ya kuvumilia ile barabara, mimi ninalo ziwa. Tunasali pamoja siku ya Bwana, tunakula pamoja, ninawaeleza wajukuu majina ya wazee wao. Kiisha kila mtu anarudi kwake. Hakuna aliyemkataa mwenzake, na hakuna aliyevunjwa mgongo.

Wakati vita inafunga ziwa ao barabara, tunangoja. Tumengoja zaidi ya mara moja. Kungoja ni sehemu ya safari ya muzee.

Usifikiri kwamba maji hayana hatari. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, na makumi ya watu wakafa. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Kwa hiyo nina sheria zangu. Boti iliyojaa, sipandi, hata kama tike imekwisha kulipwa. Jaketi la kuelea, ninalivaa toka bandarini, vijana wacheke wakitaka. Siku ya upepo mkali, ninarudi kulala. Kufika kesho ni kufika pia.

Yosefu alituma magari

Ninyi vijana wa machimbo, fungueni Biblia katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 45. Yosefu alikuwa mbali, katika nchi ya kazi na ya mali. Alitaka baba yake amfikie. Je, alituma neno tu? Alituma magari ya kumbeba, na chakula cha njiani. Yakobo aliposikia habari, moyo wake haukusadiki. Alipoyaona magari, roho yake ikapata uzima. Kumbe mwaliko peke yake haukutosha. Muzee alihitaji kuona kwamba mwana amefikiri juu ya njia. Tena Yakobo hakwenda mbio. Alisimama Beer-sheba, akamtolea Mungu sadaka, kiisha wana wake wakambeba katika magari. Alikuwa na miaka 130.

Na wewe muzee mwenzangu, soma habari ya Barzilai wa Gileadi, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 19. Alikuwa na miaka 80. Mfalme Daudi alimwalika aende kukaa naye Yerusalemu. Barzilai hakuwa na chuki, hakutafuta sababu za uongo. Alieleza uzee wake wazi, akamsindikiza mfalme mpaka kuvuka Yordani tu, na akamtoa kijana Kimhamu aendelee na safari mahali pake. Mfalme hakukasirika. Alimbusu, akambariki. Huyu alijua kipimo chake, na heshima yake haikupungua hata kidogo. Kwa hiyo, muzee, usiseme "nina kazi" wakati ni mgongo unaouma. Sema ukweli, na toa shauri: "Nitafika mpaka hapa, wewe kuja mpaka hapa."

Gari la leo

Mwanangu msomaji, huenda hauna gari. Wengi wenu munachimba kwa mikono na munalipwa leo, kesho hapana. Gari la Yosefu linaweza kuwa dogo. Ukituma pesa ya njia, tuma ya kiti cha mbele, si ya kukaa juu ya magunia. Kama haitoshi, ngoja mwezi mmoja uongeze. Tuma mjukuu mkubwa amfuate na kumrudisha, asisafiri peke yake. Uliza dawa zake zinatosha siku ngapi, kabla ya kuuliza atakuletea nini. Panga siku ya kulala katikati, na tafuta jamaa ya kikristu ya kumpokea. Mashirika yetu yako kila mahali, na kazi hii ni yao. Safari ndefu ya barabara, iweke wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, wakati matope yamekauka. Na kama njia yote inashindikana, wewe ndiye kijana: shuka mpaka nusu ya njia.

Hapa Kanyaruchinya, jioni, kamiyo zinapopita, vijana walio juu wanatupungia mikono, na sisi tunawapungia. Hatuna wivu. Wao wana msafara wao, na Mungu awafikishe. Sisi tunahesabu siku kwa vidole: leo Goma, kesho ziwa, kesho kutwa wajukuu. Polepole ndio mwendo, na mwendo bado uko.

Basi leo, kiisha kusoma, piga simu nyumbani. Usiseme tena, "Baba, utakuja lini?" Sema, "Baba, mpaka wapi unaweza kufika bila kuumia?" Kiisha nyamaza, umsikilize.