Baba Yuko Wapi? Tunaoulizwa ni Sisi

Akina mama wenzetu, ni nani kati yetu ambaye hajawahi kumjibia mumewe? Mwalimu akiuliza baba wa mtoto anafanya kazi gani, tunajibu sisi. Mzee wa kanisa akitaka kujua mbona baba fulani haonekani, macho yote hutugeukia sisi. Tumezoea. Tulichokuja kukijua baadaye ni kwamba hata wataalamu wa vyuo vikuu, kwa miaka mingi, waliwachunguza akina baba kwa njia hiyo hiyo: walimwuliza mama.

Tena kulikuwa na dhana kwamba mtoto mchanga anamhitaji mama tu, na baba kazi yake ni kuleta unga. Mwaka 1975 mtaalamu Michael Lamb, mzaliwa wa Lusaka, aliandika makala akiwaita akina baba wachangiaji waliosahauliwa katika makuzi ya mtoto. Tangu hapo utafiti umeongezeka sana, lakini mara nyingi anayejibu bado ni yule yule.

Hebu tazama dodoso ambalo UNICEF imelitumia katika nchi nyingi kuhusu watoto wadogo. Linauliza kama katika siku tatu zilizopita baba alifanya na mtoto lolote kati ya mambo sita: kumsomea kitabu, kumsimulia hadithi, kumwimbia, kumtoa matembezi, kucheza naye, na kumfundisha kutaja vitu, kuhesabu au kuchora. Anayejibu ni mama au mlezi.

Hapa Tabora, binti mmoja mwenye kishikwambi alipita mtaani kwetu na maswali ya namna hiyo. Jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa porini kwenye mizinga ya nyuki kwa wiki ya tatu, alijibu "hapana" mara sita. Kisha akasema, "Mwanangu, andika basi kwamba yuko porini kwa ajili yao. Sare na madaftari vinatoka kwenye asali hiyo."

Binti akatazama kioo chake. "Samahani mama, hapa hakuna pa kuandikia hilo."

Sasa, mkoa wetu ni mkoa wa akina baba wanaosafiri, wala si jambo la jana. Katika karne ya 19 wanaume wa Unyamwezi walibeba mizigo hadi pwani na kurudi, safari za miezi mingi, na jembe lilibaki mikononi mwa akina bibi. (Si wote waliobaki: mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, anaonyesha kwamba wake na watoto nao walitembea katika misafara ile.) Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 safari hazikuisha, zilibadilika tu, na wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge. Leo ni asali, ni tumbaku, ni machimbo ya dhahabu. Swali la siku tatu likimkuta baba wa namna hiyo, linamkuta hayupo.

Lamb na wenzake walipolitafakari jambo hili katika miaka ya 1980 waliugawa ubaba mafungu matatu. La kwanza ni kushughulika na mtoto ana kwa ana. La pili ni kupatikana, yaani baba yupo hapo, mtoto akimwita anaitika, hata kama anatengeneza baiskeli. La tatu ni kuubeba wajibu: kujua viatu vimebana, kujua kliniki ni lini, kuhakikisha mambo yanafanyika hata kama yeye hayupo. Kwa kipimo hicho mtu wa porini anaweza kupata sifuri katika mafungu mawili na kufaulu vizuri katika la tatu. Na yule anayeshinda barazani akicheza bao anapata alama za kupatikana bila jasho. Sisi tunawajua wote wawili, na tunajua ni nyumba ipi watoto wanalala wameshiba.

Lakini tusiwatetee kupita kiasi. Mwaka 2017 David Lawson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa kaskazini mwa Tanzania, wakakuta kwamba kutokuwepo kwa baba kunaambatana na uhaba wa chakula, umaskini na afya duni ya mtoto. Kwenda kutafuta na kutoweka ni vitu viwili, na mara nyingine cha kwanza hugeuka kuwa cha pili polepole, simu moja baada ya nyingine isiyopokelewa.

Na hapo ndipo penye ugumu wa kutuuliza sisi. Mwanamke aliyefundwa hamvui nguo mumewe mbele ya mgeni. Atasema "ndiyo, anacheza nao," huku akikoroga uji na kutazama chini. Mwingine aliyekasirika atasema "hapana" hata kwa lile ambalo baba alilifanya jana.

Wapo watafiti walioacha kuuliza wakaangalia wenyewe. Frank Marlowe aliishi kambini na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, akiandika ni nani amembeba mtoto na kwa muda gani. Wengine, Martin Muller na wenzake, mwaka 2009 walichapisha matokeo ya kupima mate. Akina baba wa Kihadzabe, ambao hubeba watoto wachanga na kulala karibu nao, walikuwa na kiwango kidogo cha homoni ya kiume ya testosteroni kuliko wenzao wasio na watoto. Kwa majirani zao Wadatoga, ambako mtoto mchanga ni kazi ya wanawake, tofauti hiyo haikuonekana. Mate hayana haya wala hasira. Tuliposimuliana habari hii baada ya kikundi chetu cha Alhamisi tulicheka sana, na mmoja akauliza vichupa hivyo vinauzwa wapi.

Mama mmoja mzee alisema yeye hahitaji vichupa. Angepewa nafasi ya kuongeza swali moja katika kile kishikwambi, angemwuliza baba mwenyewe, mama akiwa ametoka nje kidogo: kadi ya kliniki ya mtoto wako imewekwa wapi humu ndani?