"Dada, mimi sina mwanaume"

Najua nimewatupa. Nilikuwa Lumuma, kule milimani wilaya ya Kilosa, karibu ya kuingia Mpwapwa, nimekwenda kumwona mama mdogo. Nimerudi na nusu gunia la vitunguu na habari moja ambayo nimezunguka nayo wiki mbili nisijue kama niiandike. Mwenyewe ameniruhusu, mradi nisimtaje jina. Na wanaume msifunge ukurasa, yanawahusu haya.

Mdogo wangu, mtoto wa huyo mama mdogo, ana miaka 19. Tulilala chumba kimoja. Usiku wa kwanza nikamsikia anaamka, anachukua ndoo, anatoka nje. Usiku wa pili hivyo hivyo, mara mbili. Baridi ya kule mnaijua? Asubuhi tukiwa tunachambua vitunguu nikamuuliza, kulikoni? Akainama. Baadaye sana ndiyo akasema, "Dada, natokwa na uchafu."

Zaidi ya mwaka. Ute wa njano, siku nyingine una michirizi ya damu ilhali si siku zake. Kunawaka, kunawasha, na tumbo chini ya kitovu linauma. Anajiosha kwa sabuni ya dawa, kwa maji ya chumvi, na kuna mtu alimpa shabu. Alishakwenda kutibiwa mara tatu, sehemu tofauti ambazo sitazitaja. Mara zote tatu akapewa vidonge vya magonjwa ya zinaa na kuambiwa arudi na mwenzi wake. Mwenzi gani? "Dada, mimi sina mwanaume. Sijawahi." Hakuna aliyemwamini. Mama yake naye tangu hapo anaongea naye kwa mkato.

Na mimi je? Mimi mwandishi wa habari, ninayejisifu hapa kila siku kwamba najua kusikiliza watu, nilimtazama usoni nikitafuta uongo. Alikiona kile nilichokuwa nakitafuta. Bado naona aibu.

Hebu kwanza tulitazame hilo neno lenyewe, uchafu. Ndivyo tunavyosema wote, hata kwenye mabango ya afya. Ukishaambiwa una uchafu utafanya nini? Utaosha. Lakini uke wenye afya nao hutoa ute, mweupe au usio na rangi, unaobadilika na siku za mwezi; katikati ya mzunguko huwa unavutika kama ute wa yai. Mle ndani wanaishi bakteria walinzi, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Daktari mmoja Mjerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza tangu mwaka 1892. Wanatengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo inayozuia wageni wabaya. Ukiingiza sabuni, chumvi au shabu unawaua walinzi na kuchubua ngozi, kisha hali inakuwa mbaya zaidi, kisha unaosha zaidi. Nje osha kwa maji, inatosha. Ndani kunajisafisha kwenyewe.

Hata pale ute unapokuwa wa ugonjwa kweli, si lazima uwe ugonjwa wa zinaa. Mzito kama maziwa yaliyokatika, hauna harufu, unawasha hadi unataka kulia: hao mara nyingi ni fangasi, na wanapenda kuja baada ya mtu kumeza antibiotiki. Yalinikuta nikiwa chuoni. Nikaona aibu kwenda kupimwa, nikanunua antibiotiki dukani kwa kunong'ona, kumbe namwagia moto mafuta ya taa. Ule mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki ni walinzi wamezidiwa na bakteria wengine. Huo una tabia ya kurudi, na mwaka 2025 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mwanaume akitibiwa pamoja na mwenzi wake unarudi kwa wanawake 35 katika 100, badala ya 63, ndani ya wiki 12. (Nilisema yanawahusu.) Wa njano au kijani wenye povu, huo mara nyingi ni trikomonasi, na hiyo ni ya zinaa. Kisonono na klamidia ndiyo wabaya zaidi, kwa sababu mwanamke wengi wao hawaoni dalili yoyote huku mirija ya uzazi inaharibika.

Sasa kwa nini mdogo wangu apewe vidonge vile vile mara tatu? Nilikasirika, halafu nikasoma, hasira ikapungua kidogo. Utaratibu wa kutibu kwa kufuata dalili, bila maabara, una historia ya heshima hapa kwetu. Kati ya 1991 na 1994 ulijaribiwa vijijini mkoani Mwanza, wahudumu wakafundishwa na dawa zikapelekwa, na maambukizi mapya ya Ukimwi yakapungua kwa karibu asilimia 40. Dunia nzima ilisoma matokeo yale mwaka 1995. Kwa hiyo si ujinga. Ila kwa ute peke yake kipimo cha macho hukosea sana, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri vipimo vya maabara vitumike popote vinapopatikana. Na dawa ikishindwa mara ya kwanza, kwa nini uirudie mara ya tatu badala ya kuuliza swali jingine?

Swali jingine aliliuliza nesi mmoja, mama mtu mzima, siku nilipomshawishi mdogo wangu twende tena. Tulimwamkia, akatukalisha, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za mwanaume. Akasema, "Mwanangu, ulipokuwa mdogo ulikuwa unaoga wapi? Mnafua wapi? Kwenye majaruba unaingia peku?" Tukatazamana. Mfereji! Maisha yake yote yako kwenye maji yale, kumwagilia, kufua, kuosha vyombo.

Kichocho. Sisi tunakijua kama ugonjwa wa wavulana wanaokojoa damu. Kumbe minyoo ile, inayotoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, hutaga mayai ambayo hukwama pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi. Yanaleta vidonda, ute, damu, maumivu. Msichana ambaye hajawahi kuguswa anaweza kuwa nayo. Hili si jipya: daktari mmoja wa Cairo, Frank Madden, alimwandika mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1899! Shirika la Afya Duniani limekadiria wanawake na wasichana milioni 56 kusini mwa Sahara wanao. Utafiti wa Mwanga, Kilimanjaro, uliotoka 1998 ulikuta wanawake wenye mayai hayo kwenye shingo ya kizazi ilhali mkojo hauna kitu, maana yake mkojo ukiwa safi usiseme basi. Na wa Zimbabwe mwaka 2006 ulikuta VVU ni vingi zaidi kwa walio nacho kuliko kwa wasio nacho. Ugumba nao umo.

Dawa ni prazikwanteli, ile ile wanayogawiwa watoto shuleni. Inaua minyoo, makovu ya zamani yanaweza kubaki, ndiyo maana kuchelewa kunaumiza.

Nesi hakusema ni kichocho. Alisema inawezekana, akaandika rufaa aende hospitali Kilosa. Mdogo wangu kitu cha kwanza alichouliza ni kama atatazamwa ndani kwa kile chombo cha chuma. Akajibiwa ataanza na mkojo, daktari ataamua, na ana haki ya kukataa. Palipo na kichocho dawa inaweza kutolewa hata kwa maelezo yake tu. Kuona damu baada ya tendo, homa, maumivu makali ya tumbo au kuwa mjamzito, hayo akasema si ya kusubiri hata siku moja.

Jioni ile nilimweleza mama mdogo yote, jikoni, yeye akikoroga ugali. Hakujibu. Alipopakua alimpa binti yake kwanza, kabla yangu mimi mgeni, akamwambia, "Kula, mwanangu, kesho mfereji utakwenda mimi."

Anakwenda Kilosa Alhamisi hii, mama yake anamsindikiza. Nauli nimetuma.