Mama anakwenda majuu, mimi nabaki na ramani

Wewe mtoto wa mjini, ukitajiwa Ufaransa kinakujia nini kichwani? Bila shaka mnara wa Eiffel, manukato na nguo za bei mbaya. Sasa sikiliza kasheshe iliyonipata. Dada yangu aliyeolewa Nîmes, kusini mwa nchi hiyo, kanipa kazi ya kupanga likizo ya familia ya wiki moja, tena shamba! Hakuna Paris, hakuna disko. Ni mawe, mizabibu, mizeituni na jua.

Jamani, kazi hiyo imeninyima usingizi. Dada hatujaonana naye miaka sita, na sasa ana mtoto wa miezi minane ambaye bibi yake anamjua kwa picha za simu tu. Aliniambia: "Mdogo wangu, njooni wote wawili, wewe na Mama." Kusema ni rahisi. Mshiko uliopo, yaani akiba yangu, mchango wa dada na pesa za Mama za mchezo, ukijumlisha vyote unatosha kumpeleka mtu mmoja. Basi mchecheto ukaanzia hapo.

Kwanza nilitaka kujua hawa Wafaransa wanafuata nini shamba. Huku kwetu anayekwenda kijijini anabeba sukari, kanga za shangazi na pesa za rambirambi za misiba yote aliyoikosa. Harudi amepumzika, anarudi amefilisika. Kwa wenzetu likizo ni haki iliyoandikwa. Mwaka 1936 serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo, na mwaka huo huo zikatoka tiketi za treni za bei nafuu ili na wafanyakazi wasafiri. Wiki zikaongezwa kidogo kidogo, mpaka mwaka 1982 zikafika tano. Dada anafanya kazi kwenye kituo cha kulelea wazee, na wiki zake tano anazo kama mkurugenzi. Mimi ninayelipwa kwa makala, sina hata siku moja!

Tukaja kwenye tarehe. Usithubutu kupanga Julai na Agosti kama mfuko wako mwembamba. Shule zimefungwa, watu wa kaskazini wanateremka kusini, barabara zinajaa. Nyumba za kupanga za shamba, ambazo wenyewe wanaziita gîte, zinapanda bei, na miezi hiyo nyingi hukodishwa kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi. Shemeji akashauri wiki ya pili ya Juni. Jua lipo, watu bado wachache, bei inavumilika.

Na ukisikia jua, usidhani ni la kuota. Tarehe 28 Juni 2019, huko Vérargues, si mbali na Nîmes, kipimo kilifika nyuzi 46, rekodi ya Ufaransa nzima. Dar tunajifuta jasho lakini huko hatujafika! Ndiyo maana nyumba za zamani kule zina kuta nene za mawe na madirisha ya mbao yanayofungwa mchana. Maduka mengi ya vijijini nayo hufungwa mchana, watu wakale kwanza.

Tumechagua upande wa Uzès, mji mdogo ulio kama kilomita 25 kutoka Nîmes. Jumamosi pana soko kwenye uwanja wenye matao, linauza jibini ya mbuzi, zeituni, vitunguu saumu na mboga. Jirani yake kuna Pont du Gard, daraja la Warumi la karne ya kwanza, safu tatu za matao zimepandana hadi mita 49 hivi. Lilijengwa kupitisha maji yaliyotoka chemchemi ya Uzès kwenda Nîmes, kwa mfereji wa kama kilomita 50. Nilipomsomea Mama, ambaye amebeba ndoo maisha yake yote, aliuliza swali moja tu: "Na siku hizi yanatoka?"

Mimi roho yangu ilikuwa Valensole, kwenye yale mashamba ya zambarau ya maua ya lavenda unayoyaona kwenye kalenda. Nikapima kwenye ramani, nikaona ni mbali, ni mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Halafu maua hushamiri kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai. Nikayafuta kwenye orodha.

Sasa viza. Hapo kaa kitako. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Unatakiwa bima ya angalau euro 30,000. Mwenyeji wako naye anakwenda ofisi ya meya kuchukua hati ya kukukaribisha, kwa stempu ya euro 30. Maombi hupelekwa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala si chini ya siku 15. Lakini swali kubwa kuliko yote ni je, utarudi?

Nikachukua daftari, nikagawa ukurasa. Upande wangu: miaka 25, sina mume, sina hati ya mshahara, chumba cha kupanga. Upande wa Mama: mwalimu mstaafu, pensheni kila mwezi, nyumba yenye jina lake, wajukuu watatu wanaomsubiri hapa hapa mjini. Bwana wee, hata ungekuwa wewe dirishani ungempa nani?

Mama akagoma. "Nenda wewe mwanangu, mimi nitafanya nini kwenye mawe ya watu?" Nikamwambia, "Mama, mimi nina miaka ya kusubiri. Mtoto huyu anaanza kutambaa sasa." Akanyamaza kimya. Baadaye akauliza kama dagaa wanaruhusiwa kupita. Nikatafuta: nyama na maziwa marufuku, samaki wakavu ruksa hadi kilo 20. Akatabasamu, nikajua kakubali.

Kumwambia dada ndiko kulikonitoa jasho. Alikuwa amepanga tulale chumba kimoja kama zamani, tupige soga mpaka alfajiri. Simu ikawa kimya, nikamsikia mtoto tu akilia kwa mbali. Kisha akasema, "Basi mlete Mama."

Wala sina wasiwasi naye. Shemeji ni Mngazija wa Marseille, akiongea Kingazija Mama anaokota maneno mengi. Na neno la kwanza nililomfundisha ni "bonjour", kwa sababu kule kijijini ukiingia dukani bila salamu umeonekana huna adabu. Mama kacheka sana. "Kumbe ni watu wa kwetu!"

Karatasi zake tunazipeleka mwezi ujao, niombeeni. Chumba changu kwenye gîte kimepata mwenyewe. Ramani nimeibandika ukutani juu ya kitanda, na Valensole nimeizungushia kalamu nyekundu. Haya, tukutane wiki ijayo hapa hapa.