Kutoka kwenye Programu Kuingia kwenye Tovuti



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi, leo tunajibu swali tunaloulizwa mara nyingi na vijana: mtu aliyekwisha kujua kuandika programu za kompyuta, je, kutengeneza tovuti kutamsumbua? Sisi tulisoma Pascal na C kabla ya kugusa tovuti. Jibu letu ni kwamba mantiki haisumbui. Kazi kubwa ni kuandika kitu kitakachofunguliwa kwenye simu ya mtu usiyemwona.

Kwetu ni Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Cabo Delgado. Mji ulishambuliwa Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020, na ukakombolewa Agosti 2021. Watu walitawanyika. Wengine walishuka na mashua kwenye ufuko wa Paquitequete huko Pemba, wengine wakaenda Montepuez na Nampula. Wazazi wakawa wanaulizana watoto wasome wapi Qur'ani na saa ngapi. Hapo tukaazimia kujifunza tovuti, ili ratiba ya madrasa iwe mahali pamoja, kila mzazi aisome alipo.

Jambo la kwanza tulilozoea ni kuwa na lugha tatu kwa kazi moja. HTML hueleza muundo: hiki ni kichwa cha habari, hili ni jedwali. CSS hupamba. JavaScript hutenda. Tufananishe na nyumba: HTML ni nguzo na fito, CSS ni chokaa, JavaScript ni mlango unaofunguka. Nguzo zikisimama vizuri, nyumba hukalika hata kabla ya chokaa.

La pili, kompaila ya C ikiona alama imekosekana hugoma. Kivinjari husamehe: hukisia ulichokusudia, kikaendelea. Rehema hiyo ina gharama yake, kwani ukurasa unaopendeza kwenye kompyuta yako huenda ukavurugika kwenye simu ya jirani. Kwa hiyo azima simu za watu, za bei ndogo hasa, ujaribu.

La tatu, programu ya kawaida hukumbuka thamani zake mpaka ifungwe. Kwenye HTTP kila ombi huja kama mgeni mpya, na seva haimkumbuki aliyebisha hodi dakika iliyopita. Ndiyo sababu Lou Montulli wa Netscape alibuni vidakuzi mwaka 1994, mgeni apewe kijikaratasi cha kujitambulisha akirudi. Anayetoka kwenye Pascal asipolielewa hili atahangaika siku nyingi.

La nne ni uzito. Picha moja ya simu huweza kufika megabaiti 3, na jedwali la ratiba ya wiki nzima kwa maandishi halifiki kilobaiti 20. Mama aliyehama na kununua intaneti kidogo kidogo hana sababu ya kulipia mapambo yetu. Tukachagua jedwali tupu.

La tano ni lugha zetu. HTML inakuruhusu kutaja lugha ya kila sehemu: sw kwa Kiswahili, pt kwa Kireno, ar kwa Kiarabu, na Kimwani nacho kina alama yake, wmw. Kiarabu huongezewa dir="rtl" ili mistari ianzie kulia. Tulipoandika wmw kwa mara ya kwanza tulifurahi sana: lugha ya nyanya zetu imo katika hesabu ya lugha za dunia.

Wanafunzi, msingoje mtandao ndipo mwanze. Kompyuta yenye kihariri cha maandishi na kivinjari inatosha: andika faili, ihifadhi, ifungue papo hapo bila intaneti. Wala hamdaiwi ada, maana CERN, ambako Tim Berners-Lee alibuni mfumo huu, iliuachia watu wote bure tarehe 30 Aprili 1993. Anzeni na HTML peke yake, kisha CSS, na JavaScript iwe ya mwisho.

Nanyi wazazi, mkimwona kijana anakesha mbele ya kompyuta, muulizeni anamtengenezea nani. Akiweza kumtaja mtu, na simu aliyonayo mtu huyo, basi inshaallah yuko njiani.

Wabillahi tawfiq.