Majivu Niliyomshauri Jirani

Niliua bluberi za jirani yangu, kisha nikamwacha aamini kwamba aliuziwa miche mibovu. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Hapa Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, majivu ya jikoni hayatupwi. Mama yangu aliyamwaga kwenye sukumawiki na vitunguu, mboga zikanawiri, nami nikakua nikiamini kwamba majivu hufaa kila kiotacho. Nilipopanda bluberi niliyachanganya kwenye kila shimo. Jirani, mjane anayeishi kwa maziwa ya ng'ombe wake, aliponiomba ushauri, nilimwambia afanye vivyo hivyo. Alinisikiliza kwa sababu niliwafundisha watoto wake.

Majani yakawa manjano, mishipa ikabaki kijani. Nikadhani ni njaa ya mbolea. Tukaongeza majivu.

Miche yangu ilipokauka ndipo nilipoanza kusoma. Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, alieleza tangu 1910 kwamba bluberi hutaka udongo mchachu. Kipimo cha pH kinachoifaa bluberi ni kati ya 4.5 na 5.5, na kila namba moja ikipanda, uchachu umepungua mara kumi. Majivu hufanya kazi kama chokaa: huumaliza uchachu huo. Chuma kinaweza kuwa tele udongoni, lakini mmea hushindwa kukifyonza, na mizizi ya bluberi ni myembamba kama uzi, haina hata vinyweleo. Chai imetuzunguka pande zote, nayo hupenda udongo mchachu vilevile. Ningeitazama tu ningejifunza.

Nilijua, nikanyamaza. Jirani akasema, "Mwalimu, yule kijana wa miche ametuibia." Nikatikisa kichwa kukubali. Maneno yakaenea, na watu wakaanza kumkwepa kijana yule, ambaye miche yake ilikuwa mizima kabisa. Niliona aibu kuonekana sijui, nikaona afadhali jina lake lichafuke kuliko langu. Sina udhuru.

Nimemwendea sokoni, nikasema kosa ni langu mbele ya wateja wake, maana alisengenywa mbele za watu. Halafu nikaenda kwa jirani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama tuta lile litafaa tena. Nikamwambia salfa hurudisha uchachu, ila vijidudu vya udongoni huchukua miezi kuigeuza kuwa tindikali, na majivu tuliyomwaga yalikuwa mengi.

"Basi hapo nitapanda kabichi," akasema. "Na wewe, Mwalimu, utanichimbia mashimo mengine kule kulikokuwa na chai."

Mashimo nimeyachimba. Miche nimeinunua kwa pesa yangu, kwa kijana yuleyule.