Kichocho na Ini

Msomaji kijana, nililelewa kando ya Ziwa Viktoria, si mbali na Kisumu. Jirani yetu mmoja alivimba tumbo hata akafa, nasi tukanong'ona kwamba mkewe amemroga. Mama yule akahama kwa aibu. Nilikuwa miongoni mwa walionong'ona.

Nilipokuwa chuo cha ualimu ndipo nilipojua kichocho cha tumbo. Konokono wa majini hutoa vijidudu vipenyavyo ngozi ya mwogaji, vikakua kuwa minyoo katika mishipa ya matumbo. Baadhi ya mayai yake huchukuliwa na damu hadi inini, yakakwama humo na kuacha makovu.

Daktari Diana Karanja, wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, KEMRI, aliwafuatia waosha magari wa ufukoni Kisumu. Yeye na wenzake waliwapima vinyesi, wakawatibu, wakawapima tena na tena. Mwaka 2002 walitangaza kwamba baadhi yao, kwa kutibiwa mara nyingi, walizidi kukawia kuambukizwa upya. Miili yao ilianza kujikinga.

Tafadhali, usimhukumu jirani kabla ya kuyapima maji.