Ukienda Toubkal Mwezi Machi, Usiikate Siku ya Akiba

Ndugu msomaji, yawezekana umekwisha kuutazama Mlima Kilimanjaro kutoka dirisha la basi la Moshi, au umebahatika kuupanda, na sasa moyo wako watamani mlima wa nchi nyingine. Kama ndivyo, na kama likizo yako yaangukia mwezi Machi, yafaa uufikirie Mlima Toubkal wa Moroko. Umo humu humu Afrika, una urefu wa mita 4,167, nao ndio mrefu kupita milima yote ya Afrika ya Kaskazini. Kijiji cha Imlil, ambako safari ya miguu huanzia, ni mwendo wa kiasi cha saa moja na nusu kwa gari kutoka mji wa Marrakech. Ukiyasikia hayo utadhani kazi ni ndogo, kwani Kilimanjaro, wenye mita 5,895, waupita kwa mbali. Nasi, watu watatu tuliotoka Dar es Salaam, tulidhani hivyo hivyo.

Jambo la kwanza la kulielewa ni majira. Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta, mpandaji huuliza habari za mvua tu, kama ni masika au vuli. Moroko iko mbali kaskazini na ina majira manne kamili. Mwezi Machi, huko bondeni Imlil, baridi huanza kulegea, miti ya matunda huanza kuchanua, na mto hujaa maji ya theluji inayoyeyuka. Lakini panda kwa nusu siku tu, nawe utakuta majira ya baridi bado yamekaa juu ya mlima. Alfajiri theluji huwa ngumu na yenye utelezi kama kioo. Mchana jua likiipiga hulainika, mguu ukazama hadi gotini, na penye mteremko mkali yaweza kuporomoka. Kwa sababu hiyo wapandaji huondoka kabla ya mapambazuko ili wawe wamekwisha kushuka theluji ianzapo kulegea.

Basi viatu vya kawaida havitoshi. Hapana budi uwe na viatu vigumu, na vyuma vya meno vinavyofungwa chini yake, viitwavyo kramponi, pamoja na shoka la barafu. Usijitie gharama ya kuvinunua, kwani pale Imlil hukodishwa. Lakini vijaribu kwenye viatu vyako kabla hujaondoka kijijini. Aidha chukua koti la kuzuia upepo, glavu, soksi za sufu, tochi ya kufunga kichwani, na miwani ya jua iliyo nzito. Mwanga wa jua ukirudishwa na theluji huunguza macho, hata ya mtu aliyezoea jua la pwani.

Jambo la pili ni kiongozi. Mwezi Desemba 2018 wageni wawili waliuawa karibu na Imlil, na tangu hapo njiani kuna vizuizi ambapo mpandaji huonyesha pasipoti yake na huulizwa kiongozi wake ni nani. Wenyeji wa milima hiyo ni Waberberi, ambao wenyewe hujiita Imazighen. Wana lugha yao, ila Kiarabu wanakijua, na ukisema sabalkheri asubuhi utaeleweka. Mizigo hubebwa na nyumbu mpaka theluji inapoanza, kisha huchukuliwa na wapagazi. Kumbuka pia kutazama kalenda ya Kiislamu. Mwaka 2025 Ramadhani ilichukua karibu mwezi mzima wa Machi. Ukikuta saumu, kiongozi wako atakuwa akipanda bila chakula wala maji, na mwendo wa siku hupangwa kwa kulijali hilo. Vile vile, tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023, lililoua zaidi ya watu 2,900, liliangusha nyumba nyingi katika milima hiyo. Kwa hiyo thibitisha mahali pa kulala kabla hujasafiri.

Sasa nikueleze kosa letu, kwani ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tulipokuwa tukipanga safari, mezani palikuwa na siku mbili zilizoonekana kuwa hazina kazi. Ya kwanza ilikuwa ya kulala tena Imlil, kutembea hadi kwenye kipito cha Tizi n'Tamatert, chenye urefu wa karibu mita 2,280, na kurudi pale pale, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Ya pili ilikuwa ya akiba, endapo hali ya hewa ingeharibika. Mwenzetu mmoja, fundi wa mitambo, alipiga hesabu akasema: "Jamani, siku ya kutembea na kurudi pale pale ni ya nini? Hiyo ni fedha ya chakula na malazi inayopotea bure." Alikuwa ameweka akiba kwa miaka miwili, na kwa ajili ya safari ile alikuwa ameahirisha kuezeka chumba cha uani. Hatukuwa na moyo wa kumbishia. Tuliikata siku ya kwanza, tukabakiza moja tu ya akiba.

Asubuhi ya pili baada ya kufika Marrakech, mji ulio mita 466 tu juu ya usawa wa bahari, tulikuwa njiani kupanda. Tulivuka kijiji cha Aroumd, tukapita Sidi Chamharouch penye kaburi liheshimiwalo na wenyeji, na jioni tukafika kwenye nyumba ya mawe ya wapandaji iliyo mita 3,207. Usiku ule fundi wetu aliumwa kichwa, naye akanyamaza. Alfajiri upepo ulivuma kwa nguvu hata kiongozi akakataa kufungua mlango, na siku yetu ya akiba ikaliwa na upepo. Siku iliyofuata anga lilikuwa jeupe. Tulitoka gizani, meno ya vyuma yakiuma barafu, na kwa muda wa saa mbili kila kitu kilikwenda vema.

Ndipo mwenzetu alipoinama akatapika. Kiongozi alimwuliza ametapika mara ngapi tangu usiku, kisha akamtaka atembee hatua kumi katika mstari ulionyooka. Ya saba ilimshinda. "Twendeni tu," alisema fundi, "nitapumzika juu. Mnajua nimeacha nini nyumbani." Sikuwa na jibu, kwa kuwa nilijua. Tulikuwa na kiongozi mmoja tu, kwa hiyo mmoja wetu akishuka, sote twashuka. Tukageuka. Waswahili husema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ilituchukua muda mrefu kumteremsha, huku theluji ikianza kulainika chini ya miguu yetu. Tulipofika Imlil jioni, kichwa kilikuwa kimemtulia, akaomba chai.

Msomaji mpendwa, fedha ya mfanyakazi ni jasho, na mtu asikuchekee unapoihesabu shilingi kwa shilingi. Lakini zipo siku ambazo katika hesabu huonekana za hasara, kumbe ndizo zinazoibeba safari nzima. Panga basi hivi: usiku mmoja Marrakech, mbili Imlil, na katikati yake matembezi ya Tizi n'Tamatert, mbili katika nyumba ya wapandaji, ili siku ya kilele isiwe pia siku ya kukimbilia kijijini, na siku moja ya akiba isiyoguswa. Kama fedha haitoshi kwa mpango huo, subiri mwaka mwingine. Tena kubalianeni kabla ya kuondoka nyumbani kwamba akiugua mmoja, atashuka bila ubishi, na ikiwezekana gharimieni kiongozi wa pili ili wengine waweze kuendelea.

Fundi wetu ameanza tena kuweka akiba. Chumba cha uani kimekwisha ezekwa, kwani mkewe alisema bati kwanza, mlima baadaye. Juzi alinionyesha daftari lake la safari ya Machi ijayo. Siku ya Tizi n'Tamatert imo, na siku za akiba ni mbili.